Kiangazi Kinapoingia Unyanyembe

Tajiri wa pwani aliyetaka wapagazi wa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi inayozunguka Tabora, kati ya Oktoba na Mei alikuwa na kazi ngumu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika huko Novemba 1857 baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne kutoka Kaole pwani, aliandika kwamba katika miezi hiyo si rahisi kumshawishi mtu wa huko aliache shamba lake. Mnyamwezi alilima kwanza. Mvua ikishakatika na nafaka ikishaingia ghalani, ndipo alipojitwisha frasila mbili za pembe, karibu kilo 32, pamoja na chungu chake na mkeka wake, akashuka Bagamoyo. Mawingu yalipoanza kujikusanya tena alitaka awe amekwisha kurudi, jembe liko mkononi. Habari za njia ile ya misafara zimejaa pembe, watumwa, bunduki na Wazungu wanaotafuta chanzo cha mto Nile. Kalenda iliyoiendesha ilikuwa ya mkulima.

Kwa sababu hiyo niliuchagua mwisho wa Mei kwenda Tabora. Nilitaka kuziona zile wiki zenyewe: mvua imekata, ubaridi wa asubuhi umeanza, na kabla mtu hajasema ana nafasi ya kusafiri kuna kazi tele za kumaliza nyumbani. Mimi ni Mzaramo niliyekulia Bagamoyo, ambako njia ile inaishia baharini. Habari zake nimezisikia tangu utoto kutoka upande wa waliokuwa wakipokea mzigo. Upande wa waliokuwa wakiubeba, na hasa wa waliobaki nyumbani wakilima, sikuujua.

Kutoka Dodoma nilipanda treni ya zamani ya reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya Manyoni na Itigi linafuata pori refu. Hapa ndipo misafara ilipoivuka nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, na mtu aliyeivuka akaiona Tura alijua amefika Unyamwezi, kwenye mashamba, maji na chakula cha kununua. Treni nayo husimama Tura. Akina mama walikuja madirishani na masinia ya karanga mbichi zilizochemshwa, zingali na mchanga kwenye maganda, na asali kwenye chupa za maji. Abiria waliokuwa wamelala tangu Itigi waliamka wote. Goweko ikapita, Igalula ikapita, tukafika Tabora vidole vinanukia karanga.

Shamba nililokwenda ni la wazazi wa rafiki yangu niliyesoma naye. Liko njia ya Kwihara, kusini-magharibi mwa mji, na ni la ekari chache tu: mahindi kwenye mwinuko, karanga na njugu mawe kwenye udongo wa kichanga, viazi vitamu kwenye matuta, na bondeni majaruba ya mpunga. Nyuma ya nyumba kuna mwamba mkubwa wa mawe, kama ilivyo sehemu nyingi za Tabora, na wenyewe wanauhesabu kuwa sehemu ya shamba. Niliona sababu yake kesho yake asubuhi.

Mwenye amri pale ni Bibi, mama yake mwenye nyumba. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitika, kisha akanipa "Mwangaluka" yake akangoja mpaka niijibu sawasawa. Aliposikia mimi ni Mzaramo akapiga makofi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani huo ulikomaa katika safari za pwani, kwa watu waliolala kambi moja, waliouguzana na kuzikana. "Nyie mlikuwa mnatupa kipande cha kitambaa cha merikani, mnachukua pembe nzima," akasema. "Deni lenyewe ndilo hili hapa. Kaa chini umenye."

Deni lilikuwa lundo la viazi vitamu. Vilikuwa vimechimbwa mapema, udongo ukiwa bado laini, maana kiangazi kikikolea tuta hukauka na jembe hukata viazi badala ya kuving'oa. Vilikuwa vimeachwa kivulini vinyauke. Kiazi kilichonyauka, Bibi alinieleza, hakipasuki kwenye kisu na utamu wake umejikusanya. Alikishika kiganjani, akakata kuelekea dole gumba, na kila mara kisu kilikomea kwenye ngozi bila kuigusa. Vipande vikaanguka unguoni, vyembamba, vyote unene mmoja. Unene ukizidi, ndani hubaki unyevu na kuvu huingia. Ukipungua, jua hukikunja kipande, kikavunjika kabla ya kufika kwenye kihenge. Vyangu vilikuwa vya kila namna. Bibi hakuvitupa, alivitenga tu kwenye ungo wa pembeni na kusema hivyo ndivyo vitakavyoliwa kwanza.

Ungo ulipojaa tuliupandisha mwambani. Jiwe lilikuwa limeanza kupata moto, na vipande vilitandazwa juu yake kimoja kimoja bila kupandana. Watoto wakawekwa zamu ya kufukuza kuku na mbuzi. Hiyo ndiyo michembe. Ndugu yake ni matobolwa: viazi huchemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa, na vikikauka hutafunwa hivyohivyo. Matobolwa ni magumu mwanzo, kisha hulainika mdomoni polepole na kuachia utamu usioisha haraka. Niliona mfuko wa kaptula ya mtoto wa darasa la pili umevimba kwa matobolwa, na nikaelewa kwa nini zamu ya mwambani haikukosa watu wa kujitolea.

Jioni tulikula michembe ya mwaka uliopita, ili kihenge kipate nafasi. Huchemshwa muda mrefu, kisha huongezewa karanga zilizotwangwa, ikapondwapondwa kwa mwiko. Ina rangi ya kahawia, na harufu yake ni ya kiazi kilichochomwa ingawa haikuchomwa. Huko nje baridi ilikuwa imeshuka. Kwa mtu wa Bagamoyo, ambako usiku haubishi hodi na blanketi, kukaa jikoni karibu na mafiga, bakuli la moto mikononi, ni raha ambayo sitaki kuipunguza kwa kuipamba.

Nilipokuwa nikila niliwaza jinsi njia ile ilivyoingia kwenye chungu. Kiazi kitamu, muhogo, mahindi na karanga asili yake ni Amerika. Mpunga ulishika mizizi Tabora kwa mikono ya watu wa pwani na Waarabu waliofanya makazi huku. Vyakula vya kale vya nchi hii ni mtama, uwele, ulezi, kunde na njugu mawe, na ni mtama hasa uliolisha misafara. Leo mtama umerudi nyuma, lakini njugu mawe bado zina kona yao kwenye shamba la Bibi, na hakuna aliyeruhusiwa kuichezea kona hiyo.

Siku moja baada ya kazi nilitembea mpaka kwenye tembe la Kwihara, nyumba ile yenye kuta nene na paa bapa ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mapema mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi. Livingstone akabaki mpaka Agosti, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Watu huja kuona milango iliyochongwa na kusikia habari za Livingstone, mgonjwa aliyekataa kurudi kwao. Mimi nilikuwa nawaza miezi aliyongoja, maana ndiyo miezi hiihii: mavuno, kipupwe, anga jeupe. Katika shajara yake aliandika habari ndogondogo za pale, na moja ni kwamba alikuwa akitengeneza jibini kwa ajili ya safari, ingawa lilikuwa na uchachu kwa sababu maziwa huganda upesi katika hali ya hewa ya huku. Hilo limenigusa kuliko ramani zake. Alikuwa amebakiwa na muda mfupi wa kuishi, akafanya ambacho kila nyumba ya Unyanyembe ilikuwa ikifanya wakati huo: kuandaa chakula kitakachodumu.

Miembe ya Kwihara ilikuwa inatoa maua ya kwanza. Watu husema miembe mingi iliyofuatana na njia ya misafara iliota kwa kokwa za waliopita. Chini ya vivuli hivyo ni lazima lisemwe na jingine. Bustani zilizowashangaza wageni wa karne ile, zenye vitunguu, ngano, mpunga na matunda, zililimwa na watumwa. Si za Waarabu peke yao. Wako Wanyamwezi walioitumia faida ya safari kununua watu, ili shamba lisilale wakati wao wako pwani. Kalenda ile ya jembe niliyoisifu mwanzo ilikuwa na watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kuondoka au kubaki, na majina yao hayakuandikwa mlangoni mwa tembe lolote.

Kazi ya karanga ilichukua wiki hiyo yote. Karanga hung'olewa kwa shina zima, zikageuzwa vichwa chini ili maganda yapate jua na upepo, kisha zikachumwa kwa mkono. Mama wa nyumba alikuwa akichukua ganda moja, analitikisa sikioni, anasikiliza. Likilia kwa sauti kavu, zinaingia guniani. Likiwa bubu, zinarudi juani. Wote pale wanajua neno sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na tangu hapo redio haikuacha kuonya. Kwa hiyo karanga zilizokunjamana au kuota ukungu hazikwenda hata kwa kuku. Zilichimbiwa shimo.

Tukiwa tumekaa tunachambua, mazungumzo yakafika Urambo, maana ukitaja karanga mbele ya mzee wa Tabora hakosi kuitaja Urambo. Ni magharibi mwa hapa, nchi iliyokuwa ngome ya Mirambo, mtemi aliyewasumbua Waarabu wa Tabora, akafa mwaka 1884. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta na mitambo iliyobaki vitani ililetwa kung'oa misitu. Walikusudia ekari zaidi ya milioni 3. Mvua haikufuata mpango, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, vyuma vikavunjika, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Baba mwenye nyumba alisimulia hayo huku mikono yake ikichuma, bila dharau. "Karanga hazikatai kuota huku," akasema. "Zinataka mtu wa kuzitazama." Nadhani ni kweli. Udongo ule wa kichanga wa Unyamwezi unalea karanga vizuri mno, ila palizi yake, kuzing'oa kwake na kuzikausha kwake ni kazi ya jicho la karibu.

Mahindi yalikuwa na ulinzi wake mwingine. Zamani yalihifadhiwa kwa magunzi yake, yakaning'inizwa au kupangwa kwenye kihenge, yakakaa mpaka mvua zijazo. Kisha akaja dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na mara ya kwanza kutambuliwa katika bara la Afrika ilikuwa hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni mdogo kuliko punje ya mchele, lakini hutoboa mahindi na makopa ya muhogo mpaka ukabaki unga mtupu. Anapenda zaidi mahindi yaliyo kwenye gunzi, ambako punje zimeshikana na yeye hupata pa kujikita. Ndiyo maana desturi ikabadilika: sasa mahindi hupukuchuliwa mapema, hukaushwa, huchanganywa na dawa ya unga na kutiwa magunia. Bibi anaukumbuka mwaka walipofungua kihenge wakakuta vumbi. Alinyamaza kidogo aliposema hivyo, kisha akaniambia nilete chupa.

Chupa ilikuwa ya kioo, kavu. Akatia punje za mahindi, akatia na chumvi kijiko kimoja, akafunga, akaitikisa kwa nguvu, akaiacha. Baadaye akaigeuza juani. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikiteleza yote chini, yamekauka. Ilishika. Turubai likatandazwa tena, na gunia zima tulilokuwa tumeshalifunga likamwagwa juani. Hakuna aliyenung'unika.

Katika siku hizo upepo wa jioni ulileta harufu ya tumbaku kutoka kwenye mabani ya kukaushia ya jirani, tamu na nzito. Tumbaku ndiyo inayolipa ada za shule huku, na simlaumu anayeilima. Lakini bani linataka kuni, na kuni ni miombo: mtundu, muba, miti hiyohiyo ambayo nyuki wa Tabora hutegemea maua yake. Jirani wa pili, mrina asali, alipita shambani akiwa ametoka porini na ndoo mbili. Alitukatia kipande cha sega, asali yake nyekundu iliyoiva, ikiwa na ladha ya moshi kwa mbali. Alisema mizinga yake ya zamani ilikuwa ya magome. Gome la mtundu huchunwa lote kuzunguka shina, mzinga unapatikana, mti unakufa. Sasa anatumia mizinga ya mbao, ingawa ameinunua kwa taabu. Anahesabu miti iliyobaki kati ya mizinga yake na mabani, na kila mwaka anasogea mbali zaidi. Nta ya nchi hii ilikuwa bidhaa kubwa ya kusafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani, na asali ya Tabora inasifika hata Bagamoyo. Ningependa wanaopanga mambo ya mkoa huu waijali miti hiyo kabla ya mrina asali kufika mwisho wa pori.

Mpunga ulikuwa umekwisha kupurwa, na bonde likabaki na mabua na unyevu. Kwa macho yangu lilikuwa shamba lililokwisha. Kwa Bibi lilikuwa linaanza. Karibu na kisima, mahali ambapo udongo haukauki hata Septemba, alinionyesha pa kutengeneza matuta mafupi. Nusu ilikuwa ya mchicha, vitunguu na nyanya za kiangazi. Nusu nyingine ilikuwa ya marando, mashina ya viazi vitamu yanayotambaa. Viazi havipandwi kwa mbegu. Ukivichimba vyote Mei na kuacha marando yakauke, Novemba mvua zitakapokuja hutakuwa na cha kupanda, hata uwe na matuta mia. Kwa hiyo kila kiangazi lazima marando yatunzwe hai mahali penye maji, ndoo kwa ndoo, miezi mitano.

Tuliyakata kwa urefu wa mkono, tukapunguza majani, tukazika mafundo matatu au manne udongoni na kuacha ncha nje. Maji tuliyateka kisimani, Bibi akimwagia kwa kibuyu chini ya shina tu, asipoteze hata tone. Nilimuuliza kama yatamtosha. Akasema yatamtosha yeye na nyumba nyingine kadhaa za mwinukoni ambazo hazina bonde. Wao huja mvua ya kwanza inaponyesha. Hawauzii. Kila nyumba inayochukua mafungu ya marando huleta mtu mmoja kulima naye siku moja kwenye matuta yake, na zamu hizo anazo kichwani zote, nani alikuja mwaka jana na nani bado anadaiwa.

Akaniambia na mimi nimo kwenye hesabu hiyo, maana nimekula michembe yake. Siku yangu ameiweka Novemba, wiki ya kwanza ya mvua, na jembe nitalikuta.